Paa Lililotazama Kanisa

Katika miaka ya sabini, kama ulikuwa na nyumba ya mabati upande wa Kawangware na ikaanza kukunyeshea, jina la kwanza ulilotajiwa lilikuwa la Nyongesa. Alikuwa fundi wa mapaa, mzaliwa wa Kimilili, mrefu na mwembamba, mwenye magoti yaliyoota sugu kwa kupigwa juu ya mabati ya watu mwaka baada ya mwaka. Alipenda kutania kwamba sugu zile zilitokana na maombi. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini hakukanusha sana, kwa sababu sehemu ndogo ya moyo wake ilitamani waamini.

Aliishi Lindi, Kibera, katika chumba cha kupanga, pamoja na mkewe Sella na watoto wao, wa kwanza akiitwa Wekulo. Kanisa lake lilikuwa Kawangware, karibu na pale basi namba arobaini na sita lilipogeuzia. Kila Jumapili familia nzima ilivuka barabara ya Ngong kwa miguu, watoto wakibeba viatu mikononi hadi karibu na mlango wa kanisa. Ukimwuliza kwa nini aliyapita makanisa yote ya Kibera, angekujibu kwamba aliokoka kule, wakati alipokuwa akimjengea Mzee Gichuru vyumba vya kupangisha. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo Sella aliijua na hakuisema mbele ya wageni, ni kwamba kanisa la Lindi lilijaa mafundi, baadhi yao hodari kumshinda, na Kawangware alikuwa peke yake.

Huduma yake ya kuwatengenezea watu mapaa bure ilianza bila hila. Upepo uling'oa mabati ya jirani yake mmoja pale Lindi, mama mwenye watoto wachanga, na Nyongesa akapanda juu asubuhi kabla ya kwenda kazini, akayarudisha mahali pake, akashuka, akaenda zake. Hakumwambia mtu. Siku nzima alikuwa mwepesi, akiimba tenzi huku akipiga misumari, na hakujiuliza furaha ile ilitoka wapi.

Halafu paa la kanisa likaanza kuvuja, tena juu ya mimbari. Mchungaji Mutie alihubiri akisogea kushoto na kulia ili kukwepa matone, na washirika wakawa wanayafuata matone kuliko mahubiri. Nyongesa akaziba Jumamosi. Jumapili Mchungaji akamsimamisha mbele ya watu, akamshukuru kwa jina, na kanisa likapiga makofi. Nyongesa alisimama pale na kofia mkononi, akasikia kitu kitamu kikimshuka kooni kama chai ya maziwa ya mtu asiyeionea sukari uchungu. Alipoketi aligundua kwamba angependa mahali pengine pavuje.

Kuanzia hapo kukawa na huduma ya mapaa. Nyongesa ndiye aliyependekeza jina, ndiye aliyependekeza iwe na mwenyekiti, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwanachama wake wa pekee, alichaguliwa bila kupingwa. Aliwatengenezea wazee, wajane na wagonjwa. Kazi ilikuwa ya kweli, na watu wengi walilala pakavu kwa sababu yake. Hilo halina ubishi. Lakini wakati wa matangazo alikaa akiwa amenyoosha mgongo, na jina lake likitajwa aliinamisha kichwa na kufumba macho nusu, kama mtu anayeona haya kusifiwa. Uso ule aliufanyia mazoezi. Siku moja Sella alimkuta mbele ya kioo cha kunyolea, akiinamisha kichwa, akikiinua, akikiinamisha tena kidogo zaidi. Akamwuliza kama shingo inamuuma. Nyongesa akasema ndiyo, inauma sana, na ikambidi akubali kusuguliwa dawa ya misuli iliyomwasha mpaka asubuhi.

Sasa, ng'ambo ya njia, ikitazamana na kanisa, palikuwa na nyumba ya Mama Ndunge. Alikuwa mjane Mkamba aliyesuka vyondo, vile vikapu vya katani, na kuviuza sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, ya zamani, iliyoezekwa kwa madebe yaliyofunuliwa na kunyooshwa. Upande mmoja wa paa ulitazama kanisa. Upande wa pili ulitazama bonde la kijito, na huko ndiko upepo ulikoleta mvua kila mara. Upande wa kanisa ulikuwa mbaya kwa sura, umeshika kutu na kujikunja pembeni, lakini ulizuia maji. Upande wa bonde ulikuwa na matundu kama kichujio.

Mzee Gichuru, mwenye ploti nyingi pale Kawangware na aliyetoa uwanja wa kanisa lenyewe, alikuwa amebakiwa na mabati mapya baada ya kumaliza vyumba vyake. Akayatoa yaende kwa Mama Ndunge. Yalitosha upande mmoja tu. Alimwambia Nyongesa ayapige pale atakapoona yanahitajika, kisha akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe wake.

Nyongesa akazunguka nyuma, akaangalia matundu. Akarudi mbele. Akiwa amesimama pale mbele aliliona dirisha la kanisa, na akajua kwamba mtu yeyote aliyeketi ndani, akigeuza shingo kidogo tu, angeliona paa hili lote. Moyo wake ukaanza kumletea hoja za kifundi. Kwamba upande wa mbele umekwisha kuliwa na kutu na hautamaliza mwaka. Kwamba nyuma panaweza kuzibwa kwa lami na vipande vya gunia na pakatulia. Kwamba hata mwenye nyumba angependa wageni wapokewe na kitu kizuri. Kama mteja angemletea hoja hizo, Nyongesa angemcheka na kumwuliza kama mvua huingilia mlangoni na kubisha hodi. Lakini alizileta mwenyewe, na alijiamini upesi mno.

Akapiga mabati mapya upande wa kanisa. Nyuma akapaka lami.

Jumapili jua lilikuwa kali na paa likameta hata ndani ya kanisa ukutani pakachezacheza mwanga. Mchungaji Mutie alipofika kwenye matangazo alinyoosha mkono kuelekea dirishani, na washirika wote wakageuka kama askari. Wagaki, kiongozi wa akina mama, akaanzisha vigelegele. Mama Ndunge mwenyewe aliinuka akawapungia watu mkono kama bibi harusi. Nyongesa aliinamisha kichwa kwa kipimo kile alichokizoea, na kwa pembeni ya jicho akahakikisha kwamba Mzee Gichuru ameona.

Mvua ya Aprili ikaja.

Mama Ndunge akakosa kuja kanisani, akatuma neno kwamba mgongo unamsumbua. Siku hizo hizo ndugu fulani wa kanisa la Kibera, waliosikia habari za huduma ya mapaa, walimwomba Mchungaji waje kujionea ili nao waanzishe ya kwao. Nyongesa alijitolea kuwaongoza. Hakufikiri hata kidogo kuhusu nyumba ya kuwapeleka. Ilikuwa moja tu. Wala hakumpelekea Mama Ndunge taarifa, kwa sababu alitaka shukrani zake zitoke zenyewe, bila kupangwa.

Walifika mchana, wingu limefunga, Mchungaji Mutie mbele na wageni watatu nyuma yake. Kwanza Nyongesa aliwasimamisha njiani ili walione paa kutoka mahali panapofaa. Aliwaeleza jinsi misumari ilivyofuata mstari. Matone makubwa yakaanza kuanguka wakati bado anaeleza, na wote wakakimbilia mlangoni. Mama Ndunge akafungua kidogo, akachungulia, na hakusogea. Akasema afadhali waende kanisani, ndani hapajafagiliwa. Lakini mvua ilikuwa imeshaamua, nao wakaingia.

Kitanda kilikuwa kimevutwa mbele kabisa hata kikaziba nusu ya mlango. Nyuma, sakafuni, palipangwa beseni, karai, sufuria mbili na chungu kilichovunjika mdomo, na kila chombo kilikuwa kikipokea maji kwa mlio wake. Vyondo vilirundikwa kwenye kona chini ya karatasi ya nailoni, na vile vya chini vilikuwa vimeota ukungu. Wageni waliketishwa kitandani, wakibanana, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pakavu.

Mama Ndunge alianza kusema haraka haraka. Akalisifu paa. Akasema hata watu wasiomjua husimama njiani kuuliza ni nyumba ya nani. Mgeni mmoja, mtu mpole, akauliza vile vyombo ni vya nini. Mama Ndunge akamjibu kwamba anakinga maji ya mvua, ni laini, yanafua nguo vizuri kuliko ya bomba. Hata Nyongesa alikaribia kuamini. Ndipo kiraka cha lami na gunia, kilichokuwa kimelowa siku nyingi, kikaachilia na kuanguka katikati ya sakafu kwa kishindo kizito, kikiwarushia wageni tope jeusi mpaka kwenye suruali.

Mchungaji Mutie alitazama juu, akaiona mbingu. Halafu akamtazama Nyongesa. Nyongesa akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kukifikiria.

Mvua ilipopungua wageni wakaaga kwa heshima na kuondoka na Mchungaji. Nyongesa akabaki. Alimwaga maji ya beseni nje, akalirudisha, akabaki amesimama karibu nalo.

"Mama, si ungeniambia tu?" akasema.

"Ningekuambia aje, Baba Wekulo?" Mama Ndunge alikuwa akifuta tope kwa kitambaa, hakumtazama. "Kila Jumapili wanakupigia makofi. Na mimi wananipigia. Tangu mzee wangu afariki, hakuna mtu alikuwa amegeuka kuangalia hii nyumba." Akakamua kitambaa. "Nilisema wacha ninyeshewe kidogo, lakini nionekane."

Nyongesa alirudi Lindi chini ya manyunyu, na njia nzima maneno yale yalimtafuna. Angevumilia kugombezwa. Lakini kujua kwamba amempa mama mzima ugonjwa wake mwenyewe, na kwamba mama huyo ameulipia kwa mgongo wake, kulimfanya ajione mdogo kuliko msumari.

Kesho yake hakwenda kibaruani. Alikuja Kawangware na ngazi, akang'oa mabati yote mapya, akayahamishia upande wa bonde, akayapiga vizuri kuliko alivyopiga mara ya kwanza. Upande wa kanisa ilibidi urudi kuvaa madebe yake. Mama Ndunge alikuwa ameyafanya ua wa kuku, kwa hiyo Nyongesa akalazimika kubomoa ua, kuwafukuza kuku, kuyakwangua madebe na kuyapandisha tena, mengine yakiwa na kinyesi kilichokataa kutoka. Alipomaliza, ndani palikuwa pakavu. Nje, kutoka njiani, nyumba ilionekana kama imezeeka kwa usiku mmoja. Mama Ndunge alilala kitanda kikiwa mahali pake, na siku iliyofuata akasafiri kwenda Machakos kwa binti yake ili mgongo upone.

Kwa hiyo Jumapili ilipofika, mwenye nyumba hayupo, na kanisa zima likatazama dirishani na kuona madebe.

Nyuma ya nyumba ile kipindi cha mvua palikuwa na utelezi na matope ya kijito, wala hakuna aliyejisumbua kuzunguka. Wagaki alisema pale kwenye bomba la maji kwamba hakumtaka mtu ubaya, ila alijiuliza tu, mtu anang'oaje mabati ya mjane mara tu anaposafiri. Akaongeza kwamba kule Kibera mabati hupata mnunuzi upesi. Kufikia katikati ya wiki habari ilikuwa imekamilika, na kilijulikana hata chumba cha Lindi kilichodaiwa kuezekwa kwa mabati yale. Mzee Gichuru alikutana na Nyongesa njiani, akamsalimia, akauliza mabati yako wapi. Nyongesa alijibu kwamba yako kwa Mama Ndunge. Mzee akatazama madebe, akamtazama Nyongesa, akasema, "Haya," na akaenda.

Nyongesa akaamua kunyamaza, hata kwa Mchungaji Mutie. Wakati huu, alijiambia, angetenda mema na kuacha watu waseme. Alivumilia Jumapili nzima watu wakimpa mkono kwa ncha za vidole. Akaketi benchi la nyuma. Na akiwa pale nyuma, akianza kujisikia vizuri, alijikuta anaona picha: Nyongesa mteswa, Nyongesa asiyejitetea, akipita katikati ya wasengenyaji uso ukiwa umetulia. Aliona hata siku ukweli utakapojulikana, jinsi Wagaki atakavyolia. Picha ilikuwa tamu. Alikuwa anaionja kwa mara ya pili ndipo akashtuka, akaitambua ladha. Ilikuwa ile ile chai.

Akaona basi, dawa ni kuungama. Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama na kwenda mbele. Alieleza yote: dirisha, hoja za kifundi, lami, wageni watatu kitandani, kile kiraka. Hakuficha kwamba alikuwa amechagua upande wa makofi na kumwachia mama mjane upande wa mvua. Alisema mabati yako nyuma, anayetaka akaangalie. Alipofika pale pa Mama Ndunge kulala kwenye kitanda kilichoziba mlango, sauti yake ilikatika, na machozi yalimtoka kweli, hakuyatafuta.

Kanisa liliyeyuka. Wagaki alilia mpaka akachukua leso ya mwenzake. Mzee Gichuru alipangusa miwani. Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na Mchungaji Mutie akasema kwamba kwa miaka yake yote hajasikia ushuhuda wa unyenyekevu kama huu. Nyongesa alirudi kwenye benchi lake, makofi yakimsindikiza. Akainamisha kichwa. Akafumba macho nusu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, watoto wametangulia, Sella alingoja hadi walipovuka barabara ya Ngong.

"Umeongea vizuri," akasema.

Nyongesa akamshukuru.

"Hata mahali pa kulia umepapata vizuri. Ungelia mapema wangekosa kusikia ya kitanda."

Nyongesa alitaka kukasirika. Alitafuta hasira akaikosa, kwa sababu alikumbuka kwamba pale mbele, machozi yakimtoka, kulikuwa na Nyongesa wa pili aliyesimama pembeni, mikono nyuma, akiangalia jinsi watu wanavyopokea. Walitembea hatua kadhaa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta amevaa shati kinyume tangu asubuhi, na Sella naye akacheka, mpaka watoto wakasimama kuwangojea wakidhani kuna pesa zimeokotwa.

Usiku ule hakulala vizuri hata hivyo. Jumatatu baada ya kazi alipitia kwa Mchungaji Mutie kumwambia kwamba anaacha huduma. Mchungaji alikuwa nyuma ya kanisa akipalilia mboga zake za sukuma wiki, suruali imekunjwa. Nyongesa alimweleza kwamba ameutazama moyo wake, hakupata hata pembe moja safi. Akitenda mbele ya watu anajisifu, akitenda kwa siri anajisifu kwa siri, akiungama anaungama kwa majivuno. Afadhali aache kabisa mpaka Mungu atakapomsafisha, ndipo arudi.

Mchungaji alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Akamwambia kwamba jana yake, wakati Nyongesa alipokuwa akilia pale mbele, yeye Mutie alifurahi sana moyoni, kwa kuwa alidhani ni mahubiri yake ya wiki iliyotangulia yaliyomgusa. Alikuwa ameshaanza kupanga namna ya kuyarudia kule Kibera.

"Halafu nikakumbuka ulisema ni kiraka cha lami," Mchungaji akasema. "Niliumia, ndugu yangu."

Nyongesa alianza kucheka, akajizuia.

"Ningengoja moyo uwe safi ndio nihubiri, hii mimbari ingekuwa na buibui. Sisemi tuuache hivyo. Tuombe kila siku, Mungu auoshe, na ukichafuka auoshe tena. Lakini huko Lindi mvua inanyesha leo. Wewe ukikaa chini kusafisha moyo, ni nani atanyeshewa?"

Nyongesa alisema pole pole kwamba ni wenye nyumba.

"Basi," Mchungaji akasema, akarudi kwenye sukuma.

Walikubaliana mambo machache, pale pale kwenye matuta. Habari za mapaa zitoke kwenye matangazo. Mwenyekiti ajiuzulu, jambo lililomuuma Nyongesa kuliko alivyotarajia, kwa sababu alikuwa amekwisha kuzoea neno lile. Na katika kila nyumba, kabla ya kushika ngazi, aingie ndani kwanza, aketi pale mwenye nyumba anapolala, na kutazama juu akiwa pale. Hili la mwisho alilipendekeza Nyongesa mwenyewe, na aliona limempendeza sana jinsi alivyolisema, akajikemea kimoyomoyo, akachukua jembe la pili akamsaidia Mchungaji palizi mpaka giza likaingia.

Mama Ndunge aliporudi kutoka Machakos alikuta ndani bado pakavu na nje bado madebe. Hakulifurahia hilo la nje. Alilalamika kwa wiki nyingi kwamba sasa hakuna mtu anayesimama kuuliza nyumba ni ya nani. Kila Jumapili baada ya ibada Nyongesa na Sella wakawa wanavuka njia kwenda kuketi kwake kidogo, kunywa chai na kumsikiliza akilalamika, na polepole Wagaki pia akaanza kuja, mwanzoni kwa sababu alitaka kuona mabati kwa macho yake, baadaye kwa sababu alikuwa ameshaanza kujifunza kusuka kiondo na vidole vyake vilikuwa vikaidi.

Nyongesa hakuwa malaika baada ya hapo. Aliyemfahamu miaka ya themanini atakuambia kwamba ukimsifu Nyongesa kwa kazi yake bado alikuwa anakua kwa inchi moja. Tofauti ni kwamba alikuwa amejifunza kujicheka kabla Sella hajamcheka, na kujicheka kulimpunguzia uzito wa kujibeba. Akiombewa kanisani kwa jina, aliona haya ya kweli, kisha akajipongeza kwa ile haya, kisha akajicheka. Majivuno yake aliyachukulia kama mvua. Hukasiriki kwamba imerudi, unaziba tena.

Mwaka mmoja, katikati ya msimu wa mvua, alikuwa juu ya chumba cha mama mmoja pale Lindi aitwaye Mideva, muuza samaki wa kukaanga, mtu mwenye ulimi mkali na asiye mshirika wa kanisa lolote. Ilikuwa inanyesha, hakuna mtu njiani. Tangu Nyongesa alipopanda, Mideva hakuwa amemshukuru hata mara moja. Alikuwa amelalamika kwamba kutu inamwangukia kwenye unga, kwamba nyundo inamwamsha mtoto, na kwamba fundi wa mwaka jana alikuwa na haraka zaidi.

Nyongesa alikasirika. Alikuwa amelowa mpaka ndani, anafanya bure, na huyu mama anaongea kama aliyeajiri. Nyundo ikaanza kupiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Halafu akajisikia akiitunga hadithi hii yote jinsi atakavyomsimulia Sella jioni, mvua akiiongeza kidogo, na yeye akiwa mvumilivu kidogo zaidi kuliko alivyo. Akasimamisha nyundo. Akacheka peke yake juu ya mabati, maji yakimwingia mdomoni.

"Bwana, ipokee tu kazi hii sasa hivi," akasema, "kabla sijaiharibu."

Chini yake Mideva aligonga bati kwa mpini wa mwiko. Akamwambia aache kucheka na watu wasioonekana, asogee huku upande wa kitanda, hapa pia panavuja. Nyongesa akamwuliza ni wapi hasa. Mideva akagonga tena, naye akaufuata mlio ule kwa magoti mpaka alipopata mahali penyewe.